Kiporo cha wali, mtindo wa Kobe

Ukifungua friza ya nyumba ya Kijapani, kabla hujaona nyama wala aiskrimu, utakuta wali. Umefungwa kwa nailoni ya jikoni, vifurushi bapa, kila kimoja cha kumtosha mtu mmoja, vimesimamishwa kama madaftari kwenye rafu. Mwenye nyumba alipika jana au juzi, watu wakala, uliobaki akaufunga ungali unatoa mvuke, ulipopoa akautia kwenye friza. Hakuna anayeona haya kuwa na wali wa jana. Haya ni kuutupa.

Mimi ni mtu wa Tanga, na kwetu kiporo cha wali kina heshima yake ya asubuhi. Unakitia kikaangoni na kitunguu na mafuta kidogo, au unakipasha pamoja na maharage yaliyolala nacho, unateremshia chai ya rangi. Kwa hiyo nilipohamia Kobe na kuona watu wanakaanga wali wa jana kwa chakula cha mchana, sikushangaa. Kilichonishangaza ni ubishi wake. Vipo vitabu, vipindi vya televisheni na video zisizo na idadi zinazofundisha namna ya kupata wali ambao kila punje imejitenga na mwenzake, mkavu, wa kupeperuka, sawasawa na wa mgahawani. Na nyingi, kwa maoni yangu, zinamfundisha mtu wa nyumbani kupika chakula cha jiko ambalo hana.

Ninaoutetea mimi ni ule mwingine: wali wa kukaanga wa nyumbani, wa kikaango kimoja, yai moja na chochote kilichobaki. Huku Kansai, yaani upande wa Osaka, Kyoto na Kobe, watu wazima wengi wanauita yakimeshi. Tokyo utasikia zaidi chahan, na ndivyo unavyoandikwa kwenye menyu karibu nchi nzima. Wapo wanaoapa kwamba hayo ni mapishi mawili, kwamba kwenye chahan yai linatangulia na kwenye yakimeshi wali unatangulia. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama wa miaka 70 na ushei ambaye mimi humwita kwa jina la ukoo na san nyuma yake kama adabu ya huku inavyotaka, akisikia hayo hucheka. Yeye hutanguliza kilicho karibu na mkono.

Asili ya chakula chenyewe ni China, hilo halina mjadala, na miji ya bandari ndiyo iliyokipokea. Yokohama ilifunguliwa kwa wageni mwaka 1859, Kobe mwaka 1868, na Wachina walifika pamoja na meli za kwanza: wafanyabiashara, madalali, mafundi cherehani, wapishi. Mtaa wao wa Kobe, Nankinmachi, upo hadi leo, ni mwendo wa dakika chache kutoka stesheni ya Motomachi, na Jumapili huwezi kupita kwa wingi wa watu wanaokula wamesimama. Lakini kilichoueneza wali huu kila kona ni miaka ya baada ya vita, baada ya 1945, Wajapani waliporudi kutoka Manchuria, kaskazini mashariki ya China, na kwingineko wakiwa wamezoea ladha za huko, na migahawa midogo ya Kichina-cha-Kijapani ikazuka kila mtaa. Ramen, yaani tambi za supu, gyoza, yaani vifuko vya unga vyenye nyama, na chahan. Mpaka leo unaweza kuagiza ramen na nusu sahani ya chahan pembeni, wali umeshindiliwa kwenye bakuli au upawa ukapinduliwa, umekaa kilima kidogo cha mviringo.

Mimi wali wa migahawa hiyo naujua zaidi kwa harufu kuliko kwa ulimi, kwa sababu kwa kawaida hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe na kutiwa vipande vya nyama yake. Harufu peke yake inatosha kukufundisha jambo moja: moto wa pale si moto wa nyumbani. Mwaka 2020 watafiti wawili wa Georgia Institute of Technology, Marekani, walichapisha utafiti juu ya fizikia ya kurusha wali, baada ya kuwarekodi wapishi wa China na Taiwan kazini. Waligundua kwamba kila mrusho unachukua takriban theluthi moja ya sekunde, na kwamba karai linasukumwa na kubembezwa kwa mpigo mmoja ili wali upae, upoe kidogo hewani, kisha uanguke tena kwenye chuma cha moto. Ndiyo maana hauungui ingawa jiko linanguruma. Ndiyo maana pia mabega ya wapishi hao huumia, na watafiti walianzia hapo hapo.

Sasa rudi nyumbani. Tangu 2008, majiko ya gesi ya nyumbani yanayouzwa Japani yanatakiwa kuwa na kifaa cha kupima joto katikati ya kila ziko, ili mafuta ya kukaangia yasishike moto. Ukikipandisha kikaango juu kurusha wali, kifaa kinabaki hakigusani na chochote, na kwenye majiko mengi moto unashushwa wenyewe, ukiendelea, unazimika. Wenye majiko ya umeme ya induksheni ndio hawana hata la kujaribu, maana kikaango kikiinuka tu, joto limekatika. Serikali na viwanda, kwa nia njema kabisa, vimemnyima mtu wa nyumbani nafasi ya kujifanya mpishi wa mgahawa. Hata hivyo video zinaendelea kumwonyesha kijana mwenye kilemba cheupe akirusha wali mpaka karibu na dari.

Jirani yangu hainui kikaango. Anakitua jikoni na hakitoki hapo mpaka chakula kimeiva. Mapishi yake yote yanatokana na kukubali mambo mawili: wali ni wa jana, na moto ni huu uliopo.

Tuanze na wali. Mchele wa Kijapani ni mfupi na mnene, na wanga wake una kiasi kidogo cha amilosi, ile sehemu ya wanga isiyonata, chini ya asilimia 20, wakati michele mirefu ya aina ya basmati huwa na zaidi ya hapo. Amilosi ikiwa ndogo punje hushikana. Ndiyo sababu wali wao unalika kwa vijiti, na ndiyo sababu ukiukaanga umetoka tu kuiva, ungali na mvuke, unapata uji wenye mafuta. Wali ukipoa, wanga unajipanga upya na kukaza, maji yanabanwa, juu ya punje panakauka. Hali hiyo huja haraka zaidi kwenye ubaridi wa friji kuliko kwenye ubaridi wa friza, ndiyo maana wali wa friji huwa mgumu mdomoni na wa friza ukipashwa unarudi karibu na ulivyokuwa. Kwa kula na mchuzi, chagua wa friza. Kwa kukaanga, ule wa friji uliogeuka kokoto ndio wenyewe.

Mwaka 2025 somo hili lilitoka jikoni likaingia kwenye magazeti. Mchele ulipanda bei Japani kwa kasi iliyowatisha hata wazee: mfuko wa kilo 5 madukani ulivuka yeni 4,000, karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia, na serikali ikafungua maghala yake ya akiba. Kufikia Juni kulikuwa na mchele wa mavuno ya 2022 na hata 2021 ukiuzwa kwa yeni 2,000 au pungufu, na foleni mbele ya maduka tangu alfajiri. (Kobe ina kumbukumbu yake ya mchele ghali. Agosti 1918, katika ghasia za mchele zilizoenea nchini, umati uliichoma ofisi kuu ya kampuni ya Suzuki Shoten hapa mjini, ikituhumiwa kuhodhi mchele. Mwaka 2025 watu walipanga foleni kimya kimya, wameshika simu.) Kila mtu alikuwa anauliza: mchele wa miaka mitatu unanuka? Unalika? Na wapishi wengi walijibu kwamba ukaangwe, kwa kuwa mchele uliokaa umepungua unyevu na punje zake hazigandani sana.

Mpwani yeyote angewaambia hilo bila kuombwa ushauri. Kwetu anayepika biriani ya watu huutafuta mchele mkuukuu, wa msimu uliopita, maana umekauka mpaka ndani, unakunywa maji na haufanyi bumba. Jirani yangu alisimama kwenye foleni ile akarudi na mfuko wake. Kuanzia hapo nyumba yake ilinukia kitunguu cha kukaanga karibu kila adhuhuri.

Haya, mapishi. Nitayaandika kwa mtu mmoja, na sababu utaiona mwishoni. Wali gramu 200 hivi, yaani bakuli la Kijapani lililojaa na kuzidi kidogo. Yai moja. Kitunguu kirefu cha Kijapani, negi, kipande cha urefu wa kiganja. Huko nyumbani tumia kitunguu cha majani, sehemu nyeupe na ya kijani zote, au liki ukiipata. Kitu kimoja cha chumvichumvi cha kuupa uhai: soseji mbili za kuku, au kamba wachache, au jodari wa kopo aliyekamuliwa. Mafuta ya kupikia kijiko kimoja cha chakula. Chumvi, pilipili manga, na sosi ya soya kijiko kimoja cha chai. Ndiyo, cha chai. Tutafika huko.

Kwanza pasha wali. Watu wengi wamesikia kwamba wali wa kukaanga lazima uwe wa baridi, wakautoa kwenye friji moja kwa moja hadi kikaangoni. Kikaango cha nyumbani ni chembamba. Ukikimwagia gramu 200 za wali wa friji, joto lote linamezwa, na mabumba hayaachiani. Unaanza kuyaponda kwa mwiko, punje zinakatika, wanga wa ndani unatoka, na hapo umeshatengeneza gundi. Wali uliokuwa mgumu kisha ukapashwa kidogo, kwa mikrowevu au kwa kufunikwa juu ya mvuke, unaachana kwa kusukumwa tu. Upashe uwe vuguvugu, si wa kuunguza, kisha uuache wazi kwenye sahani mvuke uondoke. Mapishi mengi ya Kijapani ya nyumbani yanaandika waziwazi kuwa wali uwe wa moto. Ni wale wa video za karai ndio wanaosisitiza baridi, na karai lao linaweza kuumudu.

Pili, kaanga soseji zilizokatwa vipande vidogo kwa mafuta kidogo mpaka zibadilike rangi pembeni, uzitoe uweke kando. Watu huona hatua hii ni ya kujichosha. Lakini soseji, kamba na mboga vyote vina maji, na ukivitia wakati wali umo, maji hayo yanaishia kwenye wali. Karoti na njegere ndiyo kabisa. Mboga ikiiva peke yake, ikarudi mwishoni ikiwa kavu, haina madhara.

Tatu, yai. Lipige kidogo tu, ute na kiini vibaki vinaonekana tofauti. Tia mafuta yaliyobaki, washa moto mkubwa kadiri jiko linavyoruhusu, na ngoja. Dondosha tone la yai. Likivimba papo hapo, mimina lote. Litafura pembeni na kutokota katikati. Usilikoroge. Hesabu mpaka tano, likiwa bado linatelezateleza juu, mwaga wali juu yake wote kwa pamoja.

Hapo ndipo mikono inapohitajika. Pindua kwa mwiko mpana, chini kuja juu, mara mbili tatu, kisha katakata kwa ukingo wa mwiko ukiwa umeusimamisha. Kata, usiponde. Yai ambalo halijaiva litajipaka kwenye punje na kuivia pale pale, nalo ndilo linalozizuia zisigandane. Wapo wanaochanganya yai bichi na wali kwenye bakuli kabla ya kukaanga, na wapo wanaotia mayonesi badala ya mafuta. Mayonesi ya Kewpie, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1925, hutumia viini vya mayai tu, na kwa kuwa ndani yake mafuta na kiini vimeshachanganyika, inafanya kazi ileile ya kuvika punje. Zote mbili ni njia halali. Kwangu mayonesi inaacha uzito fulani kooni, nikaiachia wenyewe.

Wali ukishaachana, tandaza kikaango kizima, ubonyeze kidogo, kisha ondoa mkono. Acha. Hesabu mpaka ishirini, sikiliza. Utasikia mlio wa unyevu ukigeuka kuwa mlio mkavu zaidi. Pindua, tandaza, acha tena. Hakuna mgahawa unaofanya hivi, hawana nafasi hiyo. Kwao wali ukitulia sekunde kadhaa umekuwa mkaa. Kwetu sisi wa moto mdogo, utulivu unafanya kazi ambayo kule hufanywa na kurusha, na unaleta kitu ambacho kule hakipo: punje za chini zinashika rangi, zinakuwa na ukoko mwembamba wa hapa na pale. Wajapani wanaupenda ukoko, okoge, kwa kiasi kilekile cha watoto wa kwetu wanaogombania sufuria. Kwa nini uuwinde ukavu wa mgahawani wakati ukoko unakuja wenyewe?

Chumvi inakuja sasa, pamoja na pilipili manga. Onja. Wali uwe umeshakolea chumvi kabla sosi ya soya haijaguswa, maana kazi ya sosi hapa ni harufu. Sukuma wali upande mmoja, pachomoze sehemu tupu ya kikaango, na umwagie kijiko chako cha chai hapo kwenye chuma kitupu. Itachemka kwa ghadhabu, itakauka pembeni, na utanusa kitu kinachokaribia nyama choma. Changanya haraka. Ukiimwaga juu ya wali moja kwa moja unapata wali uliolowa, wa kahawia, wenye ladha ya chupa.

Nimeona picha nyingi za wali wa kukaanga, za nyumbani kwetu na za Ulaya, umekuwa mweusi kwa sosi, na mpishi akajivunia kwamba ni wa Kijapani. Sosi ya kawaida ya Kijapani ina chumvi karibu asilimia 16. Vijiko vitatu vya chakula kwenye sahani moja ni adhabu. Na hapa Hyogo, mkoa wa Kobe, kuna mji wa Tatsuno unaojulikana kwa sosi ya soya nyepesi ya rangi, usukuchi, inayotengenezwa pale tangu karne ya 17. Wageni huiona nyeupe wakadhani ni laini, wakaimimina. Kumbe ndiyo yenye chumvi zaidi. Rangi inazuiwa, na chumvi ndiyo mojawapo ya vizuizi. Wapishi wa Kansai wanaitumia ili chakula kibaki na rangi yake. Yakimeshi ya jirani yangu ni ya manjano hafifu na kijani cha kitunguu, basi.

Zima moto, rudisha soseji, tia kitunguu cha majani, geuza mara moja. Joto lililobaki linatosha kukilainisha bila kukiua. Ukitaka, matone mawili ya mafuta ya ufuta. Jirani yangu huongeza na Ajinomoto kidogo, unga wa glutamati wa kukoleza ladha, bila kuomba radhi kwa mtu. Kikunae Ikeda, mwanakemia wa Tokyo, aliitambua glutamati kwenye mwani wa kombu mwaka 1908, na mwaka uliofuata ikawa inauzwa madukani, kwa hiyo chupa ile ina umri mkubwa kuliko jikoni nyingi za mji huu. Mimi huiruka kwa sababu soseji zimeshatosha. Pembeni weka tangawizi nyekundu ya siki kama unayo. Kula kwa kijiko. Vijiti hapa ni kujitesa.

Suala la nguruwe ni kubwa kwa wasomaji wengi wa Kiswahili, basi niliseme vizuri. Nyumbani si lazima kabisa. Msikiti wa Kobe, wa kwanza Japani, ulifunguliwa mwaka 1935, ukasalimika katika mabomu ya 1945 na tetemeko la 1995, na kuuzunguka kuna maduka ya vyakula halali ambako soseji za kuku na nyama ya ng'ombe hupatikana. Cha kuangalia zaidi ni chupa. Mirin, kile kiungo kitamu cha majimaji kinachotokana na mchele, ni ya kileo. Sosi nyingi za soya huongezwa alkoholi kidogo ili zisiote ukungu, na huandikwa kwenye lebo. Soma lebo, ufuate unachokiamini.

Lakini kwa kweli kitoweo bora cha wali huu, kwa mtu wa pwani, kimekuwapo Japani siku zote na hakina mashaka. Ni jako, vitoto vya dagaa vilivyochemshwa kwenye maji ya chumvi kisha vikaanikwa juani. Vinavuliwa hapa hapa, kwenye maji ya kisiwa cha Awaji ng'ambo ya Kobe. Umewahi kuona dagaa mchele wa Unguja wakichemshwa na kuanikwa? Ni kazi ileile, ila hawa ni wadogo zaidi, weupe, laini. Kaanga kiganja kimoja kwenye mafuta kidogo mpaka walie, watoe, endelea na yai na wali. Hapo punguza chumvi kwa nusu. Nikiwatia dagaa mchele wa nyumbani niliotumiwa, nikawatoa vichwa kwanza, jirani yangu hutafuna kwa makini na kuuliza wametoka bahari gani.

Kila upande wa nchi una cha kwake cha kutia. Kyushu, kisiwa cha kusini, hutia takana, majani ya haradali yaliyovundikwa kwa chumvi. Wengine natto, maharage ya soya yaliyochachuka, yenye utelezi na harufu ya kumfukuza mgeni. Kobe yenyewe ina soba-meshi, ya mtaa wa Nagata, uliojaa viwanda vya viatu baada ya vita. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1950 wafanyakazi walileta wali wao wa baridi kwenye vibanda vya kupikia juu ya bamba la chuma, wakaomba ukaangwe pamoja na tambi walizokuwa wameagiza. Mpishi akavikatakata vyote kwa visu viwili bapa na kumwagia sosi nzito ya kahawia. Leo ni fahari ya mji na inauzwa hata ikiwa imegandishwa. Ilianza na kiporo cha mtu aliyetaka chakula chake kiwe cha moto.

Na ukimuuliza mtu wa rika la jirani yangu alikula yakimeshi lini zaidi, anasema Jumamosi. Shule za Japani zilikuwa na masomo Jumamosi asubuhi. Utaratibu huo ulianza kupunguzwa mwaka 1992 na ukaondolewa kwenye shule za serikali mwaka 2002. Siku hiyo hakukuwa na chakula cha shuleni. Watoto walifika nyumbani adhuhuri na njaa, mama anafungua alichonacho, na alichonacho ni wali wa jana. Hakuna aliyekuwa na muda wa kuuliza kama punje zimeachana.

Hapa niwe mkali kidogo, kwa ajili ya wanaotaka kuupika Tanga, Mombasa au Muscat. Kiporo cha Kijapani hakilali kwenye sufuria juu ya meza. Jiko la umeme la wali, ambalo Toshiba iliingiza sokoni mwaka 1955 na ambalo baadaye likaongezewa uwezo wa kutunza joto, huuweka wali kwenye nyuzi 60 au zaidi, ambako vijidudu haviwezi kuzaana. Ukitoka hapo unakwenda kwenye baridi. Katikati ya hapo, kwenye joto la chumba, kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake huvumilia kuchemshwa. Wali ukikaa usiku kucha kwenye joto letu la pwani, anazaana na kuacha sumu ya kutapisha ambayo moto wa kikaango hauivunji. Wali uliobaki utandaze kwenye sahani pana upoe haraka, na ndani ya saa mbili uwe kwenye friji. Uliolala nje, hata ukinukia vizuri, sahau.

Kuhusu mchele wa kutumia, wengi huniuliza kama lazima uagizwe wa Japani. Sioni haja. Basmati na pishori zinafaa lakini zinatoka kavu na nyepesi, karibu sana na mtindo wa mgahawani, na ukoko wake ni mgumu. (Japani imechangia fedha za bwawa la Thiba, lililozinduliwa 2022 kumwagilia mashamba ya Mwea, Kenya, lakini kinachovunwa pale ni pishori yetu, ndefu na ya kunukia, namshukuru Mungu.) Chaguo langu ni supa ya Kyela, ipikwe kwa maji pungufu kidogo, bila nazi na bila mafuta. Wali wa nazi usiujaribu: tui linaungua kabla yai halijashika.

Nilisema nitaeleza kwa nini kipimo ni cha mtu mmoja. Kikaango cha sentimita 26 kinamudu gramu 200 hadi 250 za wali, basi. Ukitia za watu wanne, zitajipika kwa mvuke wao wenyewe, hata ungekuwa na mkono wa mpishi wa Nankinmachi. Kama mpo wanne, pika mara nne. Kila awamu ni dakika tatu au nne ukishakatakata vyote mapema, na kikaango hakihitaji kuoshwa katikati, kufutwa tu kwa karatasi. Mwenye sahani ya kwanza aanze kula, asingoje wenzake. Akimaliza mapema, masufuria yapo kwenye sinki.